Wafu wa Mtumba Katika Banda la Toi

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Nami Alhamisi moja jioni, nikiwa na macho yangu mawili na miwani juu yake, niliambiwa nitazame. Na nisingaliambiwa, nisingaliona lolote.

Banda lenyewe ni la mabati, karibu na Soko la Toi, pale Kibera inapopakana na barabara ya kuelekea Adams Arcade. Tulikwenda watatu: mwalimu mwenzangu chuoni, mzaliwa wa Tanga; mama mmoja muuza mitumba, ambaye aliniuzia koti langu la kwanza la heshima nilipokuwa mwanafunzi, na urafiki wetu haujakatika tangu hapo; na mimi. Mwenye banda alikuwa ametualika kwenye onyesho la majaribio. Filamu ingeonyeshwa kwa kiingilio siku ya Jumamosi, na msimulizi wake alitaka kwanza kuyapima maneno yake mbele ya marafiki.

Huenda msomaji hajawahi kumsikia msimulizi wa filamu akiwa kazini. Hapa Kenya jina la DJ Afro limevuma kwa kazi hiyo, kama lilivyovuma la Lufufu kule Tanzania na la VJ Jingo kule Uganda. Msimulizi hukamata kipaza sauti, akawasemea wahusika kwa lugha ya watazamaji, akawatania na kuwaonya. Nakiri kwamba kwa miaka mingi niliihesabu kazi hiyo kuwa ni kuharibu filamu na lugha kwa mpigo mmoja.

Filamu ilikuwa Little Monsters ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Abe Forsythe wa Australia. Ni ya kutisha na kuchekesha kwa pamoja. Lupita Nyong'o wetu, aliyetwaa tuzo ya Oscar mwaka 2014, ni mwalimu wa chekechea anayewapeleka watoto kutembelea shamba la wanyama. Maiti waliofufuka wanatoroka kutoka kambi ya jeshi la Marekani iliyo jirani na kuanza kutafuna watu. Silaha kuu ya mwalimu huyo ni maneno: anawaambia watoto kwamba yote hayo ni mchezo. Damu iliyomrukia gauni anaiita jamu.

Kipaza sauti kilikuwa na hitilafu, kwa hiyo mwanzo wa filamu ulikwenda kwa Kiingereza kitupu. Watu walitazama kama abiria wanaongoja matatu. Hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyecheka.

Kipaza sauti kilipopona, msimulizi alinigeukia. "Daktari, hawa wanaokufa kisha wakatembea, Kiswahili kinawaitaje?" Nilijikohoza. Nikampa neno nililolitunga papo hapo: mfuhai. Alilirudia taratibu, akasema, "Nikilitamka hili, watauliza linauzwa kwa pakiti au kwa chupa." Mwenzangu wa Tanga akatoa msukule, yule mtu ambaye, kwa imani za huko kwao, wachawi humtwaa akadhaniwa amekufa, kumbe anatumikishwa usiku. Wachache wenye asili ya pwani walishtuka na kujikunyata. Wengine hawakuwa na habari.

Ndipo maiti wa kwanza alipojitokeza kwenye skrini akijikongoja, na msimulizi akapaza sauti: "Jamani, wafu wa mtumba hao!" Banda lilitetemeka kwa vicheko. Mfu aliyekwisha kutumika mara moja, akarudishwa sokoni! Toka hapo hakumwacha hata mmoja. Maiti mwenye viungo kamili alikuwa kamera, jina ambalo wafanyabiashara hulipa nguo bora za robota. Aliyemeguka mkono alikuwa fagia, yaani masalio ya mwisho. Na ajabu ni kwamba baada ya kucheka, watu walianza kuogopa kwa dhati. Kijana aliyeketi mbele yangu alipandisha miguu kwenye benchi.

Mama yule alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Lakini mwalimu wa filamu alipowaimbisha watoto huku wafu wakigonga madirisha, alinyamaza. Kisha akaniinamia: "Mwalimu, hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Soko lilipochomwa baada ya ule uchaguzi wa 2007, niliwaambia wanangu zile ni fataki za mwaka mpya. Tukahesabu rangi." Sikuwa na jibu. Soko hilo limeungua zaidi ya mara moja. Moto wa Julai 2024 uliua watu. Kila mara wenye vibanda wamerudi, wakapigilia mabati, wakatandaza nguo.

Nilielewa basi kwamba yule mama hakuhitaji kufundishwa jinsi kutisha na kuchekesha vinavyokaa chumba kimoja. Alilolihitaji ni filamu iseme naye kwa lugha aliyowadanganyia wanawe usiku ule. Kiingereza kilimwonyesha picha. Msimulizi ndiye aliyemwonyesha kisa.

Sisi wa vyuoni twapenda kulalamika kwamba Kiswahili kimepungukiwa na istilahi. Tunakaa vikaoni, tunaunda maneno, tunayapanga kwenye orodha, nayo yanakaa humo kama mfuhai wangu, hayaogopeshi wala hayachekeshi mtu. Sisemi tuache kuunda. Nasema neno lipelekwe kwanza mbele ya watu, kama alivyofanya kijana yule, nasi tuwe radhi kulitupa wasipolipokea. Fauka ya hayo, wanafunzi wetu wa tafsiri wangefaidika wakiketi jioni kadhaa kwenye mabenchi yale, wakiwa na daftari, wakirekodi kazi ya mafundi hawa ambayo hewa huimeza kila usiku.

Jumamosi nilirudi bandani nikalipa kiingilio kama wengine. Mama alikuwa amewaleta wanawe, ambao sasa ni watu wazima. Lilipofika lile tukio la madirisha, walimtazama mama yao, nao wakacheka kabla ya msimulizi kusema neno.