Nguzo za Payoti Hazitaki Mafuta ya Vidanje

Swali limerudi, safari hii kutoka mtaa wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi: nguzo moja ya payoti inahitaji lita ngapi za mafuta ya vidanje, yale machafu yanayotolewa kwenye injini, ili mchwa wasiiguse? Jibu ni sifuri. Kila mwaka kiangazi kikielekea ukingoni, watu wanapokimbizana kujenga kabla ya mvua za Novemba, swali hili huja kwa sura nyingine: mara mafuta yachanganywe na dizeli, mara yachemshwe kwanza, mara yamwagwe shimoni kabla ya kusimika nguzo. Zote ni sifuri.

Payoti, kile kibanda cha wazi chenye paa juu ya nguzo, si pambo la lupango. Ndipo posa inapopokelewa, ndipo wazee wanapokaa kuamua mambo ya ukoo, na msiba ukitokea ndipo watu wanapokesha usiku baada ya usiku. Ukumbi mzima wa watu unakaa chini ya paa moja, na paa hilo limebebwa na nguzo nne au sita. Nyumba ya matofali ikipoteza mbao moja itasimama. Payoti ikipoteza nguzo moja ya pembeni, paa linaweza kuwafuata waliokaa chini yake. Kwa sababu hiyo sioni jambo dogo katika mtu kumwambia mwenzake, "Paka vidanje, lala usingizi."

Chukua bisibisi. Nenda kwenye nguzo iliyopakwa mafuta misimu miwili iliyopita, piga magoti, uichome pale mti unapoingia ardhini. Juu nguzo ni nyeusi, ngumu, inang'aa. Chini bisibisi inazama hadi kwenye mpini, na ukiichomoa inatoka na udongo mwekundu. Udongo, si unga wa mbao. Mchwa wamekula moyo wa mti, wakajaza matope nyuma yao, na ganda la nje lenye mafuta wameliacha vilevile. Mwenye payoti anapita kila asubuhi, anaona nguzo nzima, kumbe amesimamisha bomba la tope.

Hawakupita kwenye mafuta, walipita chini yake. Mchwa kibarua ni kipofu, ngozi yake laini, na jua na upepo humkausha upesi. Kwa hiyo husafiri ndani ya ardhi, hata makumi ya mita kutoka kichuguuni, akaingia kupitia kitako cha nguzo, pale msumeno ulipokata. Mti hunywa na kupitisha maji kwa urefu wake, hivyo kitako ndicho mlango mpana kuliko yote, na ndicho brashi isichofikia. Hata ikifika, mkaratusi uliokatwa juzi umejaa maji, na mafuta mazito ya injini hayana pa kuingia. Yanabaki juu, milimita chache tu. Mti ukikauka hupasuka, na kila ufa ni njia mpya. Pakiwa na sehemu wasiyoipenda, mchwa hujenga handaki la matope juu yake na kuendelea na safari.

Hapo hutajwa mataruma ya reli: mbona yale ni meusi na yanadumu? Taruma la mti hutiwa kreosoti, dawa itokanayo na lami ya makaa ya mawe, tena kiwandani, ndani ya tangi lililofungwa, kwa mgandamizo unaoisukuma hadi ndani kabisa. Weusi wake haujalinda chochote. Kilicholinda ni dawa na kina ilichofika. Mafuta ya vidanje ni meusi kwa sababu ya masizi.

Na masizi hayo hayaji peke yake. Mafuta yaliyokwisha kutumika hubeba vumbi la metali zilizosagika ndani ya injini pamoja na kemikali zinazosababisha saratani. Mvua huyaosha kutoka kwenye nguzo, yanashuka ardhini, na katika malupango yetu kisima mara nyingi kiko hatua chache kutoka payoti. Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba 1911. Moshi wa lile bomba refu la kampuni ya madini ya Gécamines umeacha shaba, kobalti, risasi na kadimiamu katika udongo ambamo tunalima lengalenga. Mji uliokwisha kubeba mzigo huo hauhitaji sumu nyingine inayomwagwa kwa mkono, kwa ajili ya dawa isiyotibu. Tena kuna wanaopaka hadi nyasi za paa, eti zisivuje, halafu mbabula ya michopo inawashwa chini yake. Nyasi kavu zenye mafuta zikishika cheche, hakuna ndoo itakayowahi.

Dawa ya pili ni kubomoa kichuguu na kumtoa malkia. Nayo haifai. Vilima vyekundu vya Katanga ni kazi ya mchwa aina ya Macrotermes falciger, na vingine ni vya kale mno: utafiti wa kaboni uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba kimoja kati ya vilivyohamwa kilianza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Unaweza kuhangaika na kilima kisicho na mchwa, huku nguzo yako ikiliwa na koloni la upande wa pili wa barabara. Ukitaka udongo wake kwa kufyatua matofali, sawa, wengi hufanya hivyo. Kwa payoti haikusaidii. Na jamaa wa mchwa hao ndio wanaotulimia ule uyoga mkubwa tunaoununua kandokando ya barabara mvua zikianza.

Adui wa kwanza wa nguzo ni maji, mchwa anakuja nyuma yake. Mti uliozikwa hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, pale hasa udongo unapokutana na hewa. Ukungu huulainisha na mchwa humalizia. Wajapani wameonyesha njia zote mbili, kuzika nguzo na kuiweka juu ya ardhi. Katika hekalu la Ise nguzo huchimbiwa ardhini kama tunavyofanya sisi, na majengo hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013. Katika hekalu la Hōryū-ji nguzo za jumba kuu zimewekwa juu ya mawe, nazo zimesimama zaidi ya miaka 1,300. Mhimili wa kati wa pagoda ya hapohapo Hōryū-ji ulizikwa ardhini, na sehemu iliyozikwa ilioza ikabaki shimo tupu.

Basi toa nguzo ardhini. Jenga kitako cha saruji kinachoinuka sentimita 20 hadi 30 juu ya sakafu, pachika bamba la chuma, funga nguzo kwa bolti, acha upenyo ili maji yasituame chini ya mti. Mchwa anaweza kupanda hata saruji, lakini handaki lake utaliona na kulifuta kwa ufagio. Nguzo isiyozikwa haijisimamishi, kwa hiyo weka mihimili ya mshazari kati ya nguzo na boriti, pande zote mbili, atakayeiacha asinilaumu. Dhoruba za hapa huingia chini ya paa lililo wazi na kulinyanyua kama mwavuli, kwa hiyo nondo za kitako zishuke hadi kwenye msingi mzito. Mti: mubanga ukipatikana kihalali, moyo wake tu, ile nyeupe ya nje ichongwe, la sivyo mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani. Paa litokeze sentimita 80 au zaidi ili mvua isipige vitako. Nyasi zataka mwinamo wa digrii 45, chini ya hapo zitavuja hata ziwe nene namna gani. Ukichagua malata, weka dari ya mikeka au matete na uache nafasi ya hewa kati yake na bati. Francis Kéré aliinua bati juu ya dari ya matofali katika shule ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001, na joto likapata pa kutokea.

Kama payoti yako imekwisha kusimama, usiivunje. Egemeza paa kwa miti imara, kata sehemu iliyooza mpaka ufikie mti mzima, jenga kitako chini yake, kisha uhamie nguzo inayofuata. Moja moja, wakati wa kiangazi, na asikae mtu chini yake mpaka saruji imwagiliwe maji siku saba.