Likoma, Kisiwa cha Jirani

Mtu wa Mbeya akisema anakwenda kupumzika ufukweni, jirani hamuulizi anakwenda wapi. Atapanda basi la alfajiri, atashinda njiani kilomita zaidi ya 800 mpaka Dar es Salaam, atalala, na kesho yake atapanda boti ya Zanzibar. Wa Iringa ana nafuu kidogo, lakini naye kilomita 500 zinamsubiri kabla hajanusa chumvi. Kuna kisiwa kingine chenye mchanga mweupe, mibuyu na maji maangavu, ila kukifikia unashuka kusini: Uyole, Tukuyu, Kasumulu, kisha unavuka mto Songwe na kuingia Malawi. Kisiwa hicho ni Likoma. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 18 tu, na maji yake hayana chumvi hata chembe.

Nchi ndefu kando ya ziwa

Malawi ni nchi nyembamba iliyojinyoosha kutoka kaskazini kwenda kusini. Eneo lake ni kilomita za mraba 118,484, yaani Tanzania inaizidi takriban mara nane, na karibu moja ya tano ya eneo hilo ni maji. Sensa ya 2018 ilihesabu watu zaidi ya milioni 17.5. Ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964, na mwaka 1975 makao makuu yalihamishwa kutoka Zomba kwenda Lilongwe.

Hastings Kamuzu Banda aliitawala kwa miaka 30, mpaka uchaguzi wa vyama vingi wa 1994. Wazee wa Kyela waliokuwa wakivuka enzi zile hawajasahau sheria ya mavazi ya 1973, iliyomkataza mwanamke kuvaa suruali au sketi fupi. Sheria hiyo haipo tena, lakini adabu yake imebaki vijijini. Mgeni wa kike anayetoka kuoga ziwani akajifunga chitenje, kitenge chetu hiki hiki, hataonekana ameiga kitu.

Jina la ziwa nalo lina adabu zake. Kwetu ni Ziwa Nyasa. Ukivuka Songwe ni Ziwa Malawi. Wao husema maji yote hadi ufukwe wetu ni yao, wakiegemea mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Tanzania inasema mpaka unapita katikati. Mvutano huo uliwaka upya mwaka 2012, ukapelekwa kwa wasuluhishi. Ukiwa umekaa na wenyeji kwenye sitaha ya meli, waachie wanadiplomasia.

Barabara ya kusini

Kutoka Uyole hadi Kasumulu ni kama kilomita 100, na zote unazijua: migomba ya Rungwe, chai ya Tukuyu, kisha joto linalokupokea ukishuka Ibanda. Aliyetoka Iringa ataongeza kama kilomita 330 za Mafinga, Makambako na Chimala, na ni busara alale Mbeya kwanza ili afike mpakani asubuhi.

Mtanzania haombi viza kwenda Malawi kwa matembezi. Pasipoti iwe hai, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu na mkono. Mpaka huu una maisha yake mwenyewe. Ndizi na mchele hushuka kwenda kusini, na sera zikigongana msongamano huonekana papo hapo, kama Aprili 2025, Tanzania ilipozuia mazao ya Malawi baada ya Malawi kuzuia baadhi ya bidhaa kutoka nje, kisha zuio likaondolewa baada ya siku chache. Sikiliza habari wiki moja kabla ya safari.

Ng'ambo ya daraja husikii ugeni wa haraka. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa ni ndugu waliogawanywa na mto, na ukisema "ndaga" kwa kushukuru sokoni Karonga utaitikiwa. Kiswahili pia kinafika hapo, kwa sababu ya biashara. Baada ya Karonga barabara inafuata ziwa mpaka Chiweta, halafu inapanda mlima kwa kona kali kuelekea Mzuzu. Hapo asante inageuka "yewo", maana umeingia kwa Watumbuka. Mzuzu ni mji wa baridi, kahawa na misonobari. Aliyekulia Mafinga ataona kama hajaondoka Sao Hill. Kutoka Mzuzu unateremka tena kama kilomita 50 hadi Nkhata Bay, bandari ndogo iliyobanwa kati ya vilima na maji. Kutoka Kasumulu hadi hapo usipungukiwe na siku nzima, na ukibadili magari mara tatu usishangae.

Meli na upepo

Likoma ni sehemu ya Malawi, lakini imezungukwa na maji ya Msumbiji. Ukisimama ufukweni mwake unaiona Msumbiji kilomita chache tu mashariki. Njia kuu ya kufika ni meli ya Ilala. Ilijengwa Uskoti mwaka 1949, ikasafirishwa kwa vipande na kuunganishwa ziwani, ikaanza kazi 1951. Ratiba yake ya kawaida ni mzunguko mmoja kwa wiki kati ya Monkey Bay kusini na Chilumba kaskazini, ikigusa Nkhata Bay, Chizumulu na Likoma. Ina umri wa babu, na kama babu huenda kliniki: yapo majira ambayo husimama kwa matengenezo, na vyombo vingine hushika zamu. Kwa hiyo piga simu kwanza kwa nyumba ya wageni ya Nkhata Bay au Likoma na uulize ni chombo gani kinasafiri wiki hiyo, siku gani, na lini kinarudi. Jibu hilo ndilo linaloamua tarehe ya kuomba likizo kazini.

Safari kutoka Nkhata Bay huchukua usiku. Wenye uwezo hukata kabini, wengine hulala sitahani chini ya nyota, na walio wengi hubanana chini pamoja na magunia, kuku na mafungu ya ndizi. Kwa miaka mingi Likoma haikuwa na gati la kuegesha meli kubwa. Ilala ilikuwa ikitia nanga mbali kidogo, abiria wakashushwa kwenye mashua. Beba mzigo unaoweza kuuinua kwa mkono mmoja.

Upepo nao una ratiba. Kuanzia Mei hadi Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini-mashariki unaolichafua ziwa lote. Ndiyo miezi ile ile ambayo Mbeya na Iringa tunatetemeka kwa baridi na kutamani joto, na ndipo watoto huwa na likizo ya Juni. Hapo mipango mingi ya familia hukwama. Mawimbi ya ziwa lenye urefu wa kilomita 580 na kina cha zaidi ya mita 700 hayana tofauti kubwa na ya bahari. Kichefuchefu chake ni kile kile, na mashua ya mbao iliyojaa kupita kiasi si ya kupandwa wakati huo. Septemba hadi Novemba ziwa hutulia na jua huwaka. Mvua huanza karibu na Desemba. Anayefungwa na kalenda ya shule ashike siku za mwanzo wa likizo ya Desemba, kabla mvua haijakolea.

Kisiwa chenyewe

Sensa ya 2018 iliwahesabu watu zaidi ya 14,000 katika wilaya ya Likoma, pamoja na kisiwa jirani cha Chizumulu. Magari ni ya kuhesabu kwa vidole. Kisiwa unakitembea kwa miguu. Upande wa kusini kuna vijighuba vya mchanga na mawe makubwa, katikati kuna mibuyu na miembe, na kando ya kila kijiji vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa hili. Kati ya mawe huogelea mbuna, samaki wadogo wa buluu na manjano. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani, na kuwaona hakuhitaji zaidi ya miwani ya kuogelea.

Kitu kinachomduwaza mgeni hakiko majini. Ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, lililoanza kujengwa 1903 na kuwekwa wakfu 1911, ambalo ukubwa wake hulinganishwa na Kanisa Kuu la Winchester huko Uingereza. Kanisa kubwa kiasi hicho limefikaje kisiwani? Jibu lake linatupitia sisi. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, wale wale waliojenga kanisa la Mkunazini juu ya soko la watumwa Zanzibar, walikuja ziwani miaka ya 1880 wakitafuta mahali salama. Bara walihofiwa Wangoni wa upande wa Songea, waliojulikana kule kwa jina la Magwangwara. Kisiwa kilikuwa ngome ya bure. Kanisa lilijengwa Chipyela, jina lenye maana ya mahali pa kuungulia, kwa kuwa hapo ndipo watu waliotuhumiwa uchawi walikuwa wakichomwa.

Askofu Chauncy Maples hakukaa kuliona. Alizama ziwani Septemba 1895, miezi michache baada ya kuwekwa wakfu, na meli ya misheni iliyoteremshwa majini 1901 ikapewa jina lake. Mwenzake William Percival Johnson alilizunguka ziwa kwa zaidi ya miaka 40, akafa 1928 na kuzikwa Liuli, kwetu Ruvuma. Mpaka 1952, ilipoundwa Dayosisi ya Tanganyika Kusini-Magharibi, Waanglikana wa Liuli na Njombe walikuwa chini ya dayosisi ya Nyasaland, iliyokuwa na kiti chake Likoma. Ni kwa sababu ya misheni hiyo pia kisiwa kilibaki upande wa Waingereza, na mkataba wa Uingereza na Ureno wa 1954 ukaliacha jambo hilo hivyo. Mtanzania anayeingia kanisani mle, akaona madirisha ya vioo vya rangi na michongo ya mawe, anatazama makao makuu ya zamani ya babu zake.

Ukibahatika kufika siku ya ngoma, utawaona wanaume wa malipenga wamevaa nadhifu, wanapuliza vibuyu na kupiga hatua za gwaride walizoiga kwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni. Mtu wa Mbamba Bay atasema huu ni mganda, na hatakuwa amekosea.

Chakula, fedha na saa

Ugali ni nsima. Nkhata Bay na visiwani mara nyingi ni wa muhogo, unanata na kuvutika, unaitwa kondowole. Kitoweo ni chambo wa kuchoma au usipa wa kukaanga kwa nyanya. Maandazi ni mandasi. Mtoto wa Kyela hatalala njaa.

Fedha ni kwacha, neno lenye maana ya kumekucha. Ilishushwa thamani kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023, na tangu hapo bei hupanda haraka, tena mafuta ya magari huadimika mara kwa mara. Bajeti ya mwaka jana usiitegemee. M-Pesa yako haitafanya kazi. Wao wana Airtel Money na Mpamba. Badilisha fedha benki Karonga au Mzuzu badala ya kuwaamini wabadilishaji wa mpakani wanaohesabu noti kwa kasi ya karata, na uingie kisiwani ukiwa na taslimu za siku zote pamoja na mbili za akiba.

Saa ndiyo imewaponza wengi. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja, na hawahesabu saa kama sisi. Ukiambiwa meli inaondoka usiku "8 koloko", kwao ni saa mbili usiku, na saa yako ya Mbeya itakuwa inasema saa tatu. Uliza mara mbili.

Malazi yapo ya kila mfuko, kutoka vibanda vya kambi hadi Kaya Mawa, hoteli ya kifahari ambayo jina lake maana yake ni "labda kesho". Beba chandarua na dawa ya mbu, kwani malaria ipo. Kichocho nacho kipo ziwani, hasa kwenye maji yaliyotuama yenye majani. Oga penye mawe na mawimbi, na ukirudi nyumbani pima. Kabla ya kuingia majini waulize wavuvi kuhusu mamba. Wao wanajua.

Hesabu ya mwisho

Kutoka Mbeya, kwenda ni siku mbili na usiku mmoja wa meli ikiwa kila kitu kimekwenda sawa, na kurudi ni hivyo hivyo. Meli ikipita kila upande mara moja tu kwa wiki, mtu anayekwenda Likoma kwa siku mbili atajikuta amekaa siku kadhaa zaidi. Ndiyo maana wengi huirudia Zanzibar, ambako boti haimsubirishi mtu wiki.

Kwa hiyo hesabu siku zako kabla ya kuhesabu shilingi. Ukiwa na siku nne, nenda Matema, upande wetu wa ziwa. Mchanga ni wa ziwa lile lile, na sokoni kuna vyungu vya Wakisi vya kumpelekea mama. Ukiwa na siku kumi, chukua pasipoti, shuka Kasumulu, panda meli.