Selimundu: Mbona Wazazi ni Wazima?

Huku kando ya ziwa kuna nyumba ambazo zimezika mtoto wa pili au wa tatu, na lawama zote akabebeshwa mama. Huyu husema amerogwa, yule husema ukoo wa mke una damu mbaya. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni selimundu, nao hauwezi kutoka upande mmoja.

Mtoto hupokea urithi wa damu yake kwa baba na kwa mama. Aliyepokea kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu huwa mzima. Hulima, huvua samaki, huoa, wala hajui lolote. Shida huanza wawili wa namna hiyo wanapooana. Hapo, kwa kila mimba, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya minne. Nasema kila mimba, maana wapo wanaodhani kwamba akishaugua mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo.

Kwa nini kwetu ni wengi? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu akaona hali hii imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ni haba nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: mwenye kinasaba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, hivyo wa namna yake waliishi na kuzaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, damu ya watoto zaidi ya 17,000 wa kaskazini magharibi ya Tanzania ilipimwa Bugando: mmoja kati ya watano alikuwa na kinasaba hicho.

Kwa mtoto mgonjwa, chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Tazama viganja na nyayo zinazovimba kwa maumivu, macho ya manjano, kupungukiwa damu mara kwa mara. Akigunduliwa mapema, penisilini, chanjo, chandarua na dawa ya haidroksiurea humsaidia sana. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wachumba nao waweza kupimwa kabla ya ndoa, bwana na bibi, si binti peke yake. Kipimo cha kundi la damu hakionyeshi selimundu. Ombeni kipimo chenyewe kwa jina.