Kigoda cha Babu Chakosa Mnunuzi

Ukambani hakuna bahari, na mtu wa Kitui au Makueni hana haja ya jahazi. Hata hivyo, shida ya mwenye jahazi kuukuu kule Lamu inaeleweka vyema Mwingi, Mutomo na Wote. Jahazi huvutwa pwani, mbao zilizooza zikang'olewa na mpya zikatiwa, likapigwa kalafati, likapakwa deheni na kushonewa tanga jipya. Mwenyewe hujumlisha gharama za fundi, akataja bei. Mnunuzi hulitazama, hulisifu sana, kisha huenda zake kununua mashua ya faiba yenye mashine. Fedha zilizoingia katika matengenezo hazimhusu.

Kwa Wakamba chombo hicho ni kigoda.

Nasema kile kigoda cha mzee hasa, wala si hivi viti vidogo vinavyopangwa barabarani kwa ajili ya watalii. Kilichongwa kwa gogo moja, miguu na kikalio vikiwa kitu kimoja, bila msumari wala gundi. Kikalio ni cha duara na kimebonyea katikati kama sahani. Miguu mara nyingi ni mitatu, na msomaji aliyewahi kukalia kiti cha miguu minne juu ya mawe anajua kwa nini. Juu ya kikalio fundi alipigilia waya mwembamba wa shaba, akauzungusha na kuuzungusha mpaka ukafanya pambo. Mzee alipokwenda kwenye nzama, yaani baraza la wazee, alikwenda na kigoda chake.

Waya huo nao una historia. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, ushanga na waya. Kivoi, yule tajiri mashuhuri wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849 na kuuawa safarini mwaka 1851, alikuwa mtu wa biashara hiyo. Wahunzi wa Ukambani walikuwa hodari wa kuuvuta waya, wakatengeneza hata mikufu myembamba ambayo mpaka leo inastaajabisha. Kwa hiyo kigoda kilichojaa shaba kilikuwa pia tangazo la mali.

Sasa tuseme mzee amefariki, na mjukuu mwenye karo ya kulipa anakikuta kigoda nyuma ya magunia. Mguu mmoja umepasuka, mchwa wameonja ukingo, na nusu ya waya imeng'oka. Kijana mwenye adabu hapeleki sokoni kitu kilichovunjika, kwa hiyo anakipeleka kwa seremala. Kinapigwa msasa mpaka weusi wote wa moshi na mafuta ya mwili unatoka. Mguu unatiwa gundi na msumari, pengo la waya linajazwa kwa waya wa umeme, na mwisho vanishi juu ya vanishi. Kigoda kinameta! Seremala amelipwa. Mwenye duka la vitu vya kale anakipokea, anakigeuza juu chini, kisha anakirudisha bila kutaja bei.

Anayenunua kigoda cha zamani ana viti vya kutosha kwake. Anatafuta ule mng'aro unaotokana na mtu mmoja kukaa hapo miaka na miaka, moshi wa nyumba yake, hata kiraka alichokitia mwenyewe siku ile ufa ulipotokea. Kiraka cha zamani huweza kuongeza bei. Cha mwaka huu huishusha. Ni jambo la kuudhi, na kwa maoni yangu lina dharau ndani yake, kana kwamba fundi aliyekufa amemzidi aliye hai kwa sababu tu amekufa. Lakini ndivyo soko hilo lilivyo, hata huko Ulaya.

Tena mnunuzi ana sababu ya kushuku. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, akiwa amejifunza kuchonga kwa Wazaramo wa Tanganyika, vinyago vimekuwa kazi ya maelfu ya Wakamba. Walikwenda nayo hadi Mombasa, ambako chama chao cha ushirika cha Changamwe kilianzishwa mwaka 1963. Kazi hiyo imejenga nyumba na kusomesha watoto. Imefundisha pia ujanja: mti mweupe ukapakwa rangi ya viatu ukaitwa mpingo. Kigoda cha babu kikishatiwa vanishi kinafanana na vile vya juzi, na bei yake inakuwa ya vile vya juzi.

Na hata kikiachwa kilivyo, mnunuzi yuko mbali. Sultan Hamud, Emali, Kibwezi na Mtito Andei zilizoea msafiri wa Mombasa anayeshuka kunywa chai na kutazama vinyago. Treni mpya ilipoanza mwaka 2017, wengi wakapita bila kushuka. Mwaka 2020 korona ikawazuia hata wageni wa ng'ambo. Kitui haikuwa kwenye njia hiyo tangu hapo.

Iko na sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inataka kibali kabla ya kupeleka nje kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1895. Wachache wanajua umri wa kigoda cha babu yao, na mchuuzi mjanja hula pande zote mbili: akinunua husema ni cha juzi, akiuza husema ni cha enzi za Kivoi.

Hata wakubwa wameionja shida hii. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya kazi za sanaa kutoka pande nyingi za Afrika. Aliwakataa wanunuzi wa nje waliotaka kumlipa zaidi, akaiuzia Serikali katika miaka ya 1970, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, ili pawe taasisi ya utamaduni. Taasisi haikuwa, na nyumba ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990. Mkusanyiko wake ulipata ukumbi katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, mwaka 2006.

Kwa yule ambaye bado hajafika kwa seremala: kipanguse kigoda kwa kitambaa kikavu, kiweke mbali na jua kali, na ukague mchwa. Waya uliong'oka uufunge vizuri, usiutupe. Kisha andika kwenye karatasi jina la mwenyewe, kijiji chake, ukoo wake na, kama yuko wa kukumbuka, jina la aliyekichonga. Maelezo hayo hayana gharama, nayo mnunuzi wa kweli atayaulizia mapema. Lakini ujiandae: ukienda kumwuliza shangazi majina hayo, huenda akakitwaa kigoda mikononi mwako na kukirudisha chumbani mwake.