Kipimo Kimoja, Kazi Tatu

Fundi umeme wa Mhunze hubeba kipimo kimoja. Asubuhi hupima betri ya sola. Mchana hupima umeme wa dukani. Zamani fundi alibeba vipimo vitatu: cha volti, cha ampea na cha omu. Mwaka 1923 Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alileta kipimo kimoja cha kazi zote tatu.

Siri ya kipimo hiki ni swichi ya kuzungusha. Ukiizungusha, vipande vya shaba ndani yake hugusana upya, na umeme hupita njia nyingine. Siku hizi swichi ni ndogo, na kipimo huenea mfukoni.

Lakini angalia! Umeme wa nyumbani una volti 230. Ukiupima huku swichi iko kwenye ampea, kipimo chaweza kulipuka na kukuunguza. Fundi mwenye busara hutazama swichi kwanza, ndipo apime.