Baiskeli ya mtumba: ikague kabla ya kulipa

Msimu wa mavuno ukiisha, fedha kidogo huingia nyumbani, na familia nyingi huanza kufikiria baiskeli. Mpya ni ghali. Basi watu huenda mnadani, au kwa jirani anayeuza yake. Huko hukuta Phoenix kuukuu iliyobeba magunia miaka mingi, na kando yake baiskeli za mtumba zilizotoka Ulaya na Japani. Mnunuzi hutazama rangi, hupiga kengele, hubonyeza tairi kwa kidole gumba, kisha hupatana bei.

Baadhi yenu mtauliza ukurasa wa afya unaingiaje katika biashara hiyo. Unaingia kwa sababu ubovu unaoumiza watu huonekana siku ile ile ya kununua, ikiwa mnunuzi anajua mahali pa kutazama.

Tuanze na kitu ambacho wengi hawakitazami kabisa: ncha za usukani. Vile vishikio vya mpira vikichakaa, bomba la chuma hubaki wazi, nalo lina ukingo mkali. Mtoto akianguka, usukani hugeuka, ncha humwelekea, naye huiangukia kwa tumbo. Uzito wote wa mwili hukutana na duara dogo la chuma. Nje huonekana alama ndogo tu ya mviringo, pengine bila damu. Ndani, bandama, ambalo wengine huliita wengu, au ini, kongosho au utumbo, huweza kupasuka. Na kwetu sisi tunaoishi na malaria jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa bandama lililovimba kwa malaria hupasuka kwa urahisi kuliko lenye afya.

Mtoto wa namna hiyo mara nyingi huinuka, hujifuta vumbi, akaendelea kucheza. Saa chache baadaye, au hata kesho yake, tumbo huuma na kuwa gumu. Huenda akatapika, akawa mweupe viganjani na midomoni, akatoka jasho la baridi, au akalalamikia maumivu ya bega la kushoto ingawa bega halikugonga kitu. Ukiona dalili hizo usimpe dawa ya maumivu ukasubiri asubuhi. Usimpe chakula wala kinywaji. Mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji, na umwambie daktari waziwazi kwamba alipigwa na usukani tumboni. Bila neno hilo daktari anaweza kudhani ni malaria au minyoo.

Hatari huongezeka mtoto anapoendesha baiskeli ya baba ya inchi 28 kwa kupitisha mguu chini ya bomba la juu, kama tulivyofanya wengi wetu tukiwa wadogo. Hapo ncha za usukani huwa usawa wa kifua na tumbo lake. Kama huwezi kumzuia, na wazazi wengi hawawezi, basi angalau ziba ncha hizo. Vishikio vipya ni bei ndogo. Visipopatikana, kipande cha mpira wa tairi kilichokunjwa na kufungwa imara kwa waya kinasaidia, ilimradi ncha za waya zisichomoze.

Sasa nenda nyuma, kwenye keria. Hapo ndipo watoto wadogo hubebwa, na hapo mguu huingia kwenye spoku, yaani zile njiti za gurudumu. Kisigino hubanwa kati ya spoku na fremu. Jeraha hili hudanganya. Siku ya kwanza ngozi huonekana imechubuka tu, lakini imesagwa kwa ndani, na baada ya siku kadhaa huweza kuwa nyeusi na kufa. Mguu ukinasa, simama papo hapo. Usiuvute, na usisukume baiskeli mbele. Rudisha gurudumu nyuma taratibu, au mwite fundi akate spoku. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, na usimruhusu mtoto akanyage. Majivu, mafuta ya taa na dawa ya meno visiguse kidonda. Peleka zahanati siku hiyo hiyo, hata kama mtoto ameacha kulia, na kumbuka kuchukua kadi yake ili waangalie chanjo ya pepopunda. Watu husema pepopunda huletwa na kutu. Si kutu yenyewe. Ni vijidudu vilivyomo katika udongo na kinyesi cha wanyama, ambavyo hupenda jeraha lililosagwa au la kina.

Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza ikiwa baiskeli ina ngao au wavu kando ya gurudumu la nyuma. Baadhi ya zile za Ulaya na Japani huja nayo, lakini wauzaji au wanunuzi huing'oa wakiona ni pambo. Ukiikuta, iache. Kama haipo, fundi anaweza kukufungia, pamoja na vyuma vya kuwekea miguu pande mbili za ekseli ya nyuma.

Kuhusu breki, usikubali kuonyeshwa baiskeli ikiwa imesimama. Bana breki ya mbele kisha sukuma baiskeli mbele: gurudumu la mbele lisizunguke, na la nyuma litake kuinuka. Bana ya nyuma na usukume tena: gurudumu likokotwe bila kuzunguka. Tazama raba, zikiisha, chuma hukutana na chuma. Baiskeli za zamani zenye ringi za chuma hupoteza nguvu nyingi za breki zikilowa, hata raba zikiwa mpya, hivyo siku ya mvua punguza mwendo kabla ya mteremko.

Zile za Ulaya zina mtego wake. Nyingine hazina breki ya mkono kwa gurudumu la nyuma. Unakanyaga pedeli kinyumenyume ndipo zishike. Tena, baiskeli za Uingereza na Japani kwa kawaida huwa na breki ya mbele mkono wa kulia, bali zile za nchi nyingine nyingi za Ulaya mkono wa kushoto. Mtu aliyezoea moja akipanda nyingine, siku ya hatari hubana ya mbele kwa nguvu na kurushwa juu ya usukani. Jaribu uwanjani kwanza, siyo barabarani.

Uma wa mbele ndio ulionipata mimi. Nilinunua jioni, taa ya chemli mezani, baiskeli iliyopakwa rangi mpya, nikafurahia bei. Kumbe chini ya rangi uma ulikuwa umechomelewa. Ulikatika mtaroni wiki ya tatu. Nikapoteza jino moja na kushukuru kwamba halikuwa jicho. Tangu hapo nanunua mchana tu. Pitisha kidole chini ya shingo ya usukani, utafute uvimbe wa kuchomelea au ufa katika rangi. Tazama kwa ubavu: uma uliopinda kurudi nyuma umewahi kugonga kitu. Uma uliokatika hubadilishwa, hauchomelewi. Kisha inua kila gurudumu ulizungushe uone kama linayumba, na uguseguse spoku moja moja. Baiskeli nyingi kubwa za zamani zina 32 mbele na 40 nyuma; hesabu. Ikiwa gurudumu la mbele limefungwa kwa kikono badala ya nati, hakikisha kikono kimefungwa kabisa, kwa maana kikilegea gurudumu linaweza kuchomoka njiani.

Nawe unayeuza, sema ubovu unaoujua. Anayekununulia ni mzazi wa jumuiya jirani, na atakayekaa kwenye keria ni mtoto wake. Ubovu haukuzuii kuuza. Unapunguza bei tu.

Baada ya kupatana, andikeni karatasi mbili zinazofanana: majina na vijiji vyenu, aina na rangi ya baiskeli, namba iliyogongwa kwenye fremu, ambayo mara nyingi iko chini ya kiti au chini ya pedeli, bei, tarehe, na sahihi zenu pamoja na za mashahidi. Mwenyekiti wa kitongoji akiwepo ni vizuri zaidi. Namba ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Kanuni ya Adhabu humtia hatiani anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Na kwenye karatasi hiyo hiyo, chini ya bei, andikeni yale ya breki, uma na spoku kama mlivyoyakuta siku hiyo.