Kantangaze: Mtambue nondo mdogo anayemaliza nyanya shambani

Majani ya nyanya zako yana mabaka meupe kama yamebabuliwa na moto? Usikimbilie dukani kununua dawa. Kagua kwanza, huenda ni kantangaze.

Ni mdudu gani?
Ni nondo mwenye urefu wa milimita 6 hadi 7 tu, rangi ya kijivu, madoa meusi kwenye mabawa. Kitaalamu anaitwa *Tuta absoluta*. Asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 2006 aligundulika Hispania, na kufikia 2014 alishafika Kenya na Tanzania.

Anaishi vipi?
Mchana anajificha kwenye majani, usiku ndio anaruka. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260. Mharibifu hasa ni kiwavi: anakula akiwa ndani ya jani, shina na tunda, ndiyo maana dawa ya kupuliza mara nyingi haimfikii.

Usimchanganye na vidomozi
Vidomozi huchora mistari myembamba iliyojipinda. Kantangaze huacha baka pana. Liinue jani juani: utaona kinyesi cheusi ndani, pengine na kiwavi mwenyewe.

Ufanye nini?
- Weka mitego yenye harufu ya jike, inanasa madume.
- Chuma majani na matunda yaliyotobolewa, uyafukie. Usiyaache shambani.
- Usirudishe nyanya, viazi mviringo au bilinganya hapo hapo msimu unaofuata.
- Usirudie dawa ileile kila mara, anazoea haraka.